Nchi Iliyofuta Folda ya Nyumbani

Katika nchi yetu ya Mahalipake hakuna kitu kilichowahi kupotea. Hakuna. Si sindano, si ng'ombe, si mtu. Nendeni nchi za jirani mkaone watu wazima na ndevu zao wanavyotambaa chini ya kitanda wakitafuta kiatu cha pili. Kwetu aibu hiyo haipo. Kwetu kila kitu kina mahali pake, na mahali pake pana sheria, na sheria ina wizara, na wizara ina ghorofa, na mbele ya ghorofa kuna benchi la kusubiria, na mbele ya benchi niko mimi.

Hivyo ndivyo ninavyoanza kila asubuhi. Mimi ni Afisa Mtuliza Foleni wa Wizara ya Mahali pa Vitu. Msicheke, ni cheo kamili, nina beji. Kazi yangu ni kuwasimulia wananchi mambo mazuri ya nchi yao wakati wanasubiri, ili wasianze kuulizana wanasubiri nini.

Asubuhi ninayotaka kuwaeleza, benchi lilikuwa limejaa. Mama mmoja mwenye ndoo alinikatiza hata sijameza mate.

"We kijana, mimi nimefuata cheti cha kuzaliwa cha mwanangu. Na nyinyi wenyewe ndio mliokipoteza."

"Hakijapotea, mama. Kipo mahali pake. Wewe ndiye usiyekuwepo mahali kilipo."

Benchi zima likacheka, isipokuwa mzee mmoja pale mwisho, aliyejifunika koti mpaka utosini, kalala zake. Nikamwacha. Anayelala kwenye foleni ni raia mwema kuliko wote, ananipunguzia kazi.

"Basi sikilizeni," nikasema, "niwape kisa cha kompyuta, mcheke mpaka dirisha lifunguliwe."

Nami nawasimulia nyinyi wasomaji kama nilivyowasimulia wao.

*

Kompyuta zilipoingia nchini mwetu zilikuja na tabia za kwao. Ndani ya kompyuta ya watu wa nje, kila mtumiaji ana folda yake iitwayo Nyumbani. Humo anaweka barua zake, picha za harusi ya dada yake, na upuuzi wake mwingine. Baba Mpangaji Mkuu, kiongozi wetu mpendwa, alipoelezwa jambo hilo alikuwa anakunywa supu. Kijiko kikasimama hewani.

"Nyumbani?" akauliza. "Raia akiwa na nyumbani humo ndani, si atafunga mlango?"

Kesho yake folda ya Nyumbani ikafutwa nchi nzima. Badala yake tukapewa mfumo wetu wenyewe wa kuendeshea kompyuta, unaitwa Mfumo Mmoja. Mfumo Mmoja una folda moja kubwa iitwayo Taifa, na ndani yake folda ndogo ndogo: Picha, Majibu, Hali, Sauti, na nyinginezo. Katika kila folda kuna faili moja tu, iliyopitishwa na Bunge kwa makofi. Ukifungua Picha, utaikuta picha ya nani? Haya, mnajua.

Tatizo likawa programu. Sisi programu hatutengenezi, tunaagiza, kama tunavyoagiza vijiti vya kuchokolea meno. Na programu iliyozoea kompyuta za kwao ni kama bi harusi aliyeingia jikoni kwa mama mkwe. Kupika anajua, tena sana, ila mkono unakwenda rafu ya kushoto kutafuta chumvi, na chumvi haiko. Basi anabaki na mwiko mkononi, sufuria inaungua, na mawifi wanachungulia mlangoni.

Ndipo anapoitwa fundi. Fundi anaifungua programu, anaisoma mstari kwa mstari, na kila palipoandikwa "chumvi ichukue rafu ya kushoto" anaandika "chumvi ichukue Taifa/Chumvi". Akimaliza, programu inapigwa muhuri na kusemekana kuwa imehamia.

Zimehamia nyingi. Programu ya hesabu ilipohamia kwetu ikaambiwa majibu iyachukue Taifa/Majibu, ambamo jibu ni moja, asilimia tisini na tisa. Tangu hapo uchaguzi wetu hauna ubishi, na hata mwenye duka akijumlisha sukari na sabuni anapata asilimia tisini na tisa. Programu ya hali ya hewa ikaambiwa isome Taifa/Hali, ambamo imeandikwa "Hali ni shwari". Mto ulipopanda ukachukua daraja, ulilichukua kwa shwari kabisa. Na wasichana waliotengenezewa kadi za harusi kwa programu mpya wote wameolewa, kwenye kadi, na Baba Mpangaji Mkuu. Waume zao hawajalalamika. Wangelalamikia wapi?

"We mtoto," yule mama mwenye ndoo akasema, "mbona mambo ya kompyuta unayajua hivyo?"

"Nayaona dirishani, mama. Mimi kompyuta sijawahi hata kuifuta vumbi."

*

Sasa mjini kwetu alikuwapo Mwalimu Sikudhani. Alifundisha darasa la kwanza tangu shule ina paa la makuti hadi ikawa na paa la bati linalovuja vizuri zaidi. Karibu kila mtu mwenye tai katika ghorofa hii alifundishwa kusoma na yeye, akiwemo Waziri wetu, Mheshimiwa Kizibo, ambaye alikaa kwenye "ba, be, bi" kwa muda ambao wenzake walikuwa wameshafika kwenye hadithi ya sungura.

Alikuwa na namna yake. Aliikata silabi moja moja, halafu ile ya karibu na mwisho akaivuta, taratibu, kama mtu anayepandisha ndoo ya maji asitake imwagike. "Ki-taa-bu." "Ma-da-raa-sa." Ukisoma kwa kukosea, hakupigi, anaivuta tu tena, mpaka unaona haya kuikosea sauti kama ile.

Mumewe, Mzee Mbwana, ni kipofu tangu utotoni, surua ilipita na macho yake. Hakuwahi kuona herufi hata moja. Mke mwalimu wa kusoma, mume asiyejua "a" inakaaje; mjini walitaniwa sana. Lakini Mwalimu akitoka shule, kabla hajavua viatu, alikuwa akiuliza kutoka mlangoni: "Mbwana, u-me-kuu-la?" Na mzee, hata kama ameshiba mpaka anapumua kwa shida, anajibu: "Bado." Ili akae naye. Jirani zake wote walijua kwamba yule mzee anakula chakula cha mchana mara mbili kwa ajili ya mapenzi.

Basi Mwalimu akaugua koo. Hospitali zetu zikampima, majibu yakatoka: asilimia tisini na tisa. Ya nini, hawakuweza kusema. Ndugu wakajikusanya wakampeleka ng'ambo ya mpaka, na madaktari wa huko wakasema ukweli: koromeo litaondolewa, atapona, ila sauti haitarudi.

Lakini wana ufundi wao wale watu. Kabla ya kumpasua walimkalisha kwenye chumba kilichopigwa magodoro ukutani, akasoma, akasoma, akasoma, mpaka mashine ikaijua sauti yake yote. Wakaiweka kwenye kompyuta ndogo ya mkononi yenye programu iitwayo Kinywa. Mtu anaandika, Kinywa kinasema, na kinasema kwa sauti yake mwenyewe. Wakamkabidhi kila kitu, hawakubakiza hata nakala. Walisema sauti ya mtu ni mali yake.

Alipopata nguvu ya kukaa kitandani, jambo la kwanza aliloandika mnalijua. Na Mzee Mbwana, aliyekuwa amekaa sakafuni karibu na kitanda, akashika chuma cha kitanda kwa mikono miwili, akajibu, "Bado." Wauguzi walisema hawajawahi kumwona mtu akisema hajala huku akicheka vile.

Wakarudi nyumbani. Mpakani afisa wa forodha akaiwasha ile kompyuta, akakuta folda ya Nyumbani. Akapiga filimbi.

*

Hivyo kompyuta ya Mwalimu ikaletwa hapa ghorofani ihamishiwe Mfumo Mmoja. Naye akaja, ubao mdogo shingoni, chaki mkononi, mumewe kashika bega lake kwa nyuma. Alikaa pale pale alipokaa mama mwenye ndoo.

Kwenye dirisha akaandika ubaoni: *Naomba irudi kama ilivyo.*

"Itarudi bora zaidi, Mwalimu," akajibu wa dirishani, ambaye naye alikuwa mwanafunzi wake. "Shikamoo."

Kazi akapewa fundi mmoja. Jina lake silikumbuki, kijana tu, mmoja wa wale waliosoma sekondari wakadhani wamesoma. Mcheshi kupita kiasi, hawezi kupita mlangoni bila kuutania mlango. Na alikuwa na kituko kimoja: akiogopa, anasoma kwa midomo. Mtu mzima, mbele ya kioo cha kompyuta, ananong'ona silabi moja moja kama yuko darasa la kwanza. Wenzake walimcheka hadi wakachoka.

Fundi akakifungua Kinywa. Kila mahali programu ilikuwa inauliza kitu kile kile: nenda Nyumbani, ingia chumba cha Sikudhani, chukua sauti. Nenda Nyumbani, chukua sauti. Sheria inataka iandikwe: nenda Taifa/Sauti. Na ndani ya Taifa/Sauti mna sauti ya nani? Haya, mnajua.

Akamfuata mkubwa wake. "Hatuwezi kuweka mbili humo?"

"Sauti mbili?" Mkubwa akafunga mlango. "Kijana, wewe una watoto?"

"Sina."

"Basi ungependa uje uwapate."

Fundi akarudi kwenye kiti chake. Na hapa ndipo alipofanya ujanja. Mfumo Mmoja una folda moja duni sana, inaitwa Taifa/Muda, ya makombo ambayo programu zinaangusha zikifanya kazi. Wakubwa hawaichunguzi, wanaiona haina hadhi. Akaichukua sauti ya Mwalimu akaificha humo, chini ya makombo. Halafu pale kwenye Taifa/Sauti akaweka kiungo, yaani kibao kidogo cha kuelekeza njia: *Kinywa kikija, kielekezwe kule.* Kwenye karatasi sheria imetimia. Kwa vitendo, bi harusi ameonyeshwa chumvi ilipo.

Akajaribu. Mchana, kila mtu kaenda kula. Akaandika maneno mawili, na sauti ya Mwalimu ikajaa chumbani. Inasemekana yule mjinga alikaa wima na kukunja mikono mezani, kama watoto wa darasa la kwanza wanavyokaa mwalimu akiingia.

"Inasemekana na nani," akauliza mama mwenye ndoo, "ikiwa kila mtu alikwenda kula?"

"Mama, kuta zetu zina kazi mbili. Moja ni kushikilia paa."

Wakacheka. Nikaendelea haraka.

*

Waziri Kizibo alipopata habari kwamba kuna programu imehamia salama, akaamuru sherehe. Ukumbi ukapambwa, bendi ikaitwa, barabara ikafagiliwa mpaka wachuuzi wakafagiliwa nayo. Mwalimu Sikudhani akawekwa mbele, kompyuta yake magotini, Mzee Mbwana pembeni yake na kanzu iliyopigwa pasi mpaka inasimama yenyewe.

Waziri akapanda jukwaani.

"Ndugu wananchi! Leo serikali yenu inamkabidhi raia wake kinywa. Niambieni, ni nchi gani nyingine duniani inayogawa vinywa? Nyingi zinavifunga!" Akasubiri makofi, kisha akaona nyuso za wasaidizi wake, akakohoa. "Mwalimu wangu mpendwa, sema neno."

Sasa lazima niwaambie kitu ambacho fundi hakukijua, kwa sababu alijaribu kazi yake mchana. Kila alfajiri Mfumo Mmoja hujipanga upya wenyewe. Hupita kila folda na kung'oa vibao vyote visivyo na muhuri. Kile kibao chake kiliishi tangu mchana hadi alfajiri. Kama ua.

Mwalimu akaandika. Akamgeukia mumewe, akabonyeza.

"Mbwana, umekula?" ikasema sauti ya Baba Mpangaji Mkuu.

Ukumbi mzima ukasimama. Bendi, kwa mazoea, ikapiga wimbo wa taifa. Na katika mstari wa mbele afisa mmoja wa manunuzi, aliyekuwa na bahati mbaya ya kuitwa Mbwana naye, akapiga magoti akilia, "Kidogo tu, Mheshimiwa! Wengine wamekula zaidi yangu!"

Benchi lilipiga kelele hapo. Ni sehemu yangu ninayoipenda. Huwa nairudia mara mbili, naigiza na magoti. Siku hiyo niliigiza vizuri.

Mzee Mbwana alikuwa amesimama kama wengine, anageuza kichwa huku na huku. "Siku?" akaita. "Siku, uko wapi? Huyu mwanamume ni nani?"

Mwalimu akaandika kwa haraka. "Ni mimi," ikasema sauti ya Baba Mpangaji Mkuu, na waliokuwa wamesimama wakainama.

Mwalimu akatazama ile kompyuta. Akaandika tena, pole pole sasa, kidole kimoja.

"Nataka sauti yangu."

Ukumbi ukawa baridi. Waziri Kizibo akageuka rangi ya karatasi. "Milango ifungwe! Mheshimiwa anataka sauti yake! Nani kaigusa sauti ya Mheshimiwa?"

Hakuna aliyethubutu kumwambia kwamba Mheshimiwa mwenyewe yuko Ikulu anakunywa supu. Sauti ni ya Mheshimiwa, amri ni ya Mheshimiwa. Folda zote zikapekuliwa pale pale, kwenye kioo kikubwa cha ukutani, mbele ya watu wote, na bendi. Na ndani ya Taifa/Muda, chini ya makombo, wakaikuta.

"Ifungueni," akasema Waziri.

Ikafunguliwa. Ikatoa sentensi ile ile ambayo fundi aliiandika siku ya kujaribu.

"Mbwana, u-me-kuu-la?"

Alikuwa yeye. Mjini kote tuliijua sauti ile. Waziri mwenyewe alikunja mikono bila kujitambua.

"Bado!" akaitikia Mzee Mbwana, kwa nguvu, kama mtu aliyepotea sokoni akasikia anaitwa. "Bado, Siku! Sijala! Niko hapa!"

*

Kuna kanuni. Kitu kisicho na mahali hakipo, na kitu kisichopo hakiruhusiwi kuonekana. Fundi akanong'ona kwamba labda itolewe nakala kwanza, apewe Mwalimu. Waziri akamfafanulia kwa upole kwamba kitu chenye nakala kina mahali pawili, na kitu chenye mahali pawili hakina mahali pake.

Kisha Mheshimiwa Kizibo akashuka jukwaani, akainama mbele ya Mwalimu Sikudhani kwa adabu zote. "Shikamoo, Mwalimu. Nasikitika sana. Ni sheria." Mwalimu, asiye na koo la kuitikia marahaba, akamwekea mkono kichwani, kama zamani alipokwama kwenye "bi". Waziri akakaa hivyo kidogo. Halafu akainuka, akamwambia fundi, "Futa."

Wala hakumtazama.

Fundi akakaa mbele ya kompyuta ya kile kioo kikubwa, karibu kabisa na mstari wa mbele. Akachagua faili. Na kompyuta, ambayo ndiyo pekee ukumbini iliyokuwa na heshima ya kuuliza, ikamwandikia swali: *Una hakika?*

Mimi hapo sikuwepo. Niwe mkweli, nilikuwa nimevuka barabara kununua mihogo ya kukaanga. Haya nimeyasikia tu. Wanasema fundi jasho lilimtoka nyuma ya masikio, likashuka mpaka kwenye kola. Wanasema kidole kilikaa juu ya kitufe mpaka Waziri akakohoa. Halafu kikashuka. Hapakuwa na kishindo, hata mlio. Watu walisubiri wasikie kitu, hawakusikia, wakapiga makofi.

Mwalimu alirudishiwa kompyuta yake na cheti. Nyumbani alijaribu mara moja. "Mbwana, chai tayari," ikasema sauti ya Baba Mpangaji Mkuu, na mzee akaruka kusimama wima kwenye jiko lake mwenyewe, kikombe kikavunjika. Akasema, "Siku, nakuomba. Usimlete tena huyu mtu ndani." Hakuileta tena. Nyumba ikawa ya kimya, mwenye macho bila sauti na mwenye sauti bila macho, wanashikana mikono kutwa kama wachumba.

Msimu wa baridi uliopita ugonjwa ukarudi. Sasa Mwalimu Sikudhani yuko mahali pake, kule nyuma ya shule, na pana kibao. Mnaona? Hakuna kilichopotea.

*

Kwa kawaida hapo huwa wanacheka, au angalau wanatabasamu kwa kunihurumia. Siku hiyo mama mwenye ndoo alikuwa ananitazama tu.

"Umesema jasho lilishuka mpaka wapi?"

"Kwenye kola, mama. Ndivyo nilivyosikia. Mimi nilikuwa kwenye mihogo."

"Mihogo haikuwepo siku ile."

Sauti ilitoka mwisho wa benchi. Koti likashuka taratibu. Macho yalikuwa meupe kama maziwa, na uso wote umenielekea mimi, sawasawa, kama umepimwa kwa kamba.

"Mwenye mihogo alifukuzwa tangu asubuhi," akasema Mzee Mbwana, "ili barabara iwe safi kwa Waziri. Alipita kwangu analia. Wewe ndiye Pazi."

"Mzee, shikamoo. Pazi ni nani? Mimi ni Afisa Mtuliza..."

"Waziri alisema, 'Pazi, futa.' Kwenye hadithi yako umeliruka jina. Mimi nilikuwa nimekaa nyuma ya kiti chako, goti langu linagusa mguu wa kiti. Kiti kilikuwa kinatetemeka. Kisha nikakusikia unasoma." Akalamba midomo, akaivuta silabi vizuri, taratibu, ndoo isimwagike. "U-na ha-kii-ka."

Mama aliivuta ndoo yake ikaja upande wake, mbali na mguu wangu.

Nilitafuta mzaha. Nina mizaha mingi, naiweka tayari, kila mmoja mahali pake. Sikuukuta hata mmoja.

"Sikuja kukushtaki," mzee akasema. "Kushtaki kuna foleni yake. Nimekuja kusomewa. Siku ile ya mwisho hospitalini alinishika mkono akaniandikia kiganjani. Aliandika, akarudia, akarudia. Alijua sijui herufi, lakini aliandika tu, angefanyaje? Mimi nikayashika maumbo. Tangu hapo nayachora kila siku, ukutani, pajani, kwenye unga, yasinipotee."

"Mzee, mjini watu wa kukusomea wapo wengi. Hata huyu mama..."

"Wangenisomea maneno. Wao wamekua, wanasoma kimya. Wewe ukiogopa unarudi darasani kwake." Akanyoosha mkono hewani, akausubirisha. "Nipe kiganja. Unaogopa sasa?"

"Naogopa, mzee."

"Vizuri. Soma."

Kidole chake kilikuwa kigumu kama kijiti. Kilichora shimo lenye mdomo wazi juu, kama bakuli. Kikachora vilima viwili vilivyoshikana. Kikapinda nusu duara na kulikata katikati. Kikaanza tena na bakuli lile lile, baada ya mti wenye matawi mawili. Benchi zima lilikuwa limesimama, na dirisha lilikuwa limefunguliwa, na hakuna aliyelifuata.

"U," nikasoma. Midomo ilikuwa inajitembeza yenyewe. "U-me..."

"Usiharakishe," akasema.

"U-me-kuu-la."

Mzee Mbwana akavikunja vidole vyangu kimoja kimoja, akakifunga kiganja changu ndani ya chake.

"Bado," akasema.